Kauli ya Kutendana: Somo la Wapiga Jazi Watatu wa Timboroa

Neno 'jazi' halikuingia Afrika Mashariki jana wala juzi. Mwaka 1932 lilikuwa limekwisha kubandikwa kwenye jina la Dar es Salaam Jazz Band, na mwaka 1944 likapanda hadi Morogoro, kwenye bendi ambayo baadaye ilimpa Mbaraka Mwinshehe jukwaa la kuvuma. Tabora nayo ikawa na Jazz yake, Tanga ikawa na zake. Ng'ambo ya maziwa, OK Jazz ilizaliwa Léopoldville mwaka 1956, na huku kwetu D.O. Misiani akaijengea Shirati Jazz sifa isiyofutika katika benga. Hata hivyo, mtu aliyeingia katika kumbi hizo akitarajia muziki wa New Orleans au wa New York alikuta kitu kingine kabisa: rumba, dansi na benga. Neno lilikuwa limesafiri peke yake na kuuacha muziki wake bandarini. Kwetu 'jazi' lilikuwa na maana ya bendi yenye magitaa, matarumbeta, dramu na vijana waliovaa suti zilizopigwa pasi.

Sisi tunaoishi kwa kuchunguza maneno hatustaajabii jambo hili. Neno la mkopo ni kama mgeni aliyehamia mtaa mpya: huvaa kama wenyeji na husahau nusu ya mambo ya kwao. Wenyeji wa Eldoret wanalijua hilo vyema, maana mji wao ulijulikana kwa namba ya shamba la walowezi, sitini na nne kwa Kiingereza, na wenyeji wakaigeuza namba hiyo kuwa 'Sisibo', jina ambalo halina tena harufu ya hesabu wala ya Kiingereza. Wakipsigis nao walifanya muujiza mkubwa zaidi. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alifika Kapkatet akarekodi nyimbo zilizoitwa 'Chemirocha'. Jina hilo, kumbe, lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1933 na ambaye sauti yake ilikuwa imefika vijijini kupitia santuri. Kikalenjin hakitenganishi 'j' na 'ch' kama Kiingereza kifanyavyo. Kwa hiyo 'Jimmie' akawa 'Chemi', silabi zinazokaa vizuri karibu na Chemutai na Chemeli. Mgeni akabatizwa, akapigiwa chepkong, ile ala ya nyuzi iliyo jamaa ya nyatiti ya Waluo, na wasichana wakamwimba kana kwamba ni kiumbe wa hadithi, nusu mtu na nusu paa. Mwaka 2015 nakala za sauti hizo zilirudishwa Kapkatet, na wazee waliozisikia tena baada ya miaka 65 walikuwa wakisikia ujana wao wenyewe.

Nimeanza mbali kidogo, msomaji mwenzangu, kwa makusudi. Nataka kuandika juu ya wanamuziki watatu niliowaona wakicheza hapa Timboroa, muziki ambao kwa Kiingereza huitwa jazi huru, na najua kwamba mwalimu akisikia hivyo ataniambia hayo ni mambo ya ughaibuni yasiyomhusu mtoto wa mkulima wa viazi. Hoja yangu ni kwamba yanamhusu sana. Tulipolikopa jina la jazi tuliacha kiini chake, yaani sanaa ya kutunga papo kwa papo mbele ya wasikilizaji. Lakini kiini hicho hakikutupungukia, kwa sababu tulikuwa nacho tayari chini ya majina mengine.

Tazama pwani. Katika taarabu ya Unguja, ambayo chama chake kikongwe, Nadi Ikhwan Safaa, kilianzishwa mwaka 1905, mpigaji wa udi, wa fidla au wa ganuni huweza kupewa nafasi ya kupiga taksimu kabla ya wimbo kuanza. Hapo hana karatasi. Ana makamu tu, yaani njia ya sauti aliyochagua kuipita, na humo ndani hutangatanga, hurudi, hudokeza, hunyamaza, hadi wasikilizaji wakaguna kwa raha. Tazama ngoma ya gungu, ambamo mshairi mmoja alifunga fumbo na mwingine akalazimika kulifumbua kwa beti alizozitunga pale pale. Mkumbuke Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, na majibizano yake makali na washairi wa Lamu. Njoo hata kwenye dansi: lile chemko la bendi za Tanzania, au sebene la Wakongo, ambapo waimbaji hunyamaza na magitaa yakapewa uwanja, lilikuwa na nafasi ya mpigaji kubuni mbele ya wachezaji. Kwa hiyo mtu asituambie kuwa kutunga papo kwa papo ni kitu cha kigeni. Na ikiwa suala ni nani alimkopa nani, Wamarekani nao walitujia: mwaka 1960 mpiga kinanda Randy Weston alipotengeneza santuri yake kubwa, aliipa jina la Kiswahili, 'Uhuru Afrika', na shairi lililotungwa na Langston Hughes kwa ajili ya santuri hiyo likasomwa pia kwa Kiswahili na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga.

Sasa nije Timboroa yenyewe. Wasiopajua wajue kwamba ni kituo kidogo kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, karibu kabisa na mstari wa ikweta, na bado ni mahali pa makoti mazito. Stesheni yake ya reli iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,740, na kilele cha reli ile iliyofika Eldoret mwaka 1924 kiko hapo karibu, mita 2,785 juu ya usawa wa bahari. Ukungu hushuka mchana, mvua ya mawe haibishi hodi, na malori yapandayo kuelekea Uganda hunguruma kwa gia ndogo usiku kucha. Kando ya barabara akina mama hupanga viazi, kabeji, karoti na njegere. Ni mahali ambapo wasafiri wengi hupita na wachache hukaa.

Wale watatu walikuwa wapita njia pia. Walikuwa safarini kwenda Eldoret, na mwenyeji wao mmoja akawashawishi kucheza jioni moja katika ukumbi wa mabati ambao kwa kawaida hutumika kwa mikutano na harusi. Mmoja alikuwa na saksafoni, wa pili gitaa-besi lile kubwa la mbao linalopigwa kwa kusimama, na wa tatu dramu chache tu, kana kwamba nyingine zimeachwa njiani. Hapakuwa na mwimbaji. Hapakuwa na vinara vya kuwekea nota. Mpiga saksafoni alisema kwa ufupi kwamba hawakujua watapiga nini, na kwamba wao wenyewe walikuwa na hamu ya kusikia. Watu walicheka wakidhani ni mzaha.

Haukuwa mzaha. Walisimama kimya kwa muda uliotosha watu kuanza kukohoa, kisha mpiga besi akagusa waya mmoja, mara moja, akauacha ulie mpaka ukafa. Akaugusa tena. Mpiga dramu akapitisha kiganja juu ya ngozi pasipo kupiga, ikawa kama mtu anayepeta nafaka. Saksafoni haikuingia kwa wimbo. Iliingia kwa pumzi tupu, hewa bila sauti, na polepole hewa ile ikaota sauti. Dakika kumi hivi zikapita kabla ya masikio yangu kupata kitu ambacho mtu angeweza kukiita pigo. Lilipokuja, lilikuja kwa wote watatu kwa pamoja, likakaa kidogo, likavunjwa na mmoja wao, na wawili waliobaki wakakubali kuvunjiwa.

Kisha mvua ya mawe ikaanza. Aliyewahi kukaa chini ya paa la mabati Timboroa anajua kwamba wakati huo hata mhubiri hufunga Biblia akangoja. Hawa hawakungoja. Mpiga dramu aliinua kichwa akasikiliza paa, akaanza kupiga si juu ya kelele ile bali katika mianya yake, akipaza pale ilipopungua na kuacha pale ilipozidi. Mpiga besi akashuka kwenye waya mnene kabisa, mahali ambapo mawe hayafiki. Saksafoni ikanyamaza. Ilinyamaza muda mrefu, na kwa maoni yangu huo ndio uliokuwa mchango wake mkubwa kuliko wote jioni ile. Mvua ilipokatika ghafla, kama kawaida yake, saksafoni ilitoa sauti moja nyembamba, ndefu, iliyokuwa kama mlango unaofunguliwa. Ukumbi ukaguna. Walioguna hawakuwa mabingwa wa jazi. Walikuwa madereva, walimu, wakulima na watoto waliopenya chini ya mikono ya mabawabu.

Karibu nami alikaa mzee mmoja aliyevalia koti la mvua, na upande wa pili mama mmoja ambaye kila siku humwona akiuza viazi kando ya barabara.

"Mwalimu," mzee aliniuliza kwa sauti ya chini, "hawa wanateta au wanapatana?"

Kabla sijajibu mama yule alinitangulia. "Mzee, hawa hawana mkubwa," alisema. "Ndiyo maana wanasikilizana."

Jibu lile linatosha kuwa mada ya mhadhara, na sehemu iliyobaki ya makala haya ni jaribio langu la kulifafanua.

Kwanza tuseme muziki huu ulitoka wapi. Mnamo tarehe 21 Desemba 1960 mpiga saksafoni Ornette Coleman aliwakusanya wanamuziki wanane mjini New York, wanne upande huu na wanne upande ule, wakarekodi kipande kirefu ambacho jina la santuri yake, iliyotoka mwaka 1961, likaja kuwa jina la muziki wenyewe: jazi huru. Julai 1964 Albert Ayler alifanya vivyo hivyo na watu watatu tu, yeye na saksafoni yake, Gary Peacock kwenye besi na Sunny Murray kwenye dramu. Murray aliacha kuhesabu pigo, akalifanya liwe kama mawimbi. Lakini mfano ninaoupenda zaidi hautoki New York. Unatoka Sheffield, mji wa viwanda vya chuma kaskazini mwa Uingereza, ambako kati ya mwaka 1963 na 1966 vijana watatu, Derek Bailey kwenye gitaa, Gavin Bryars kwenye besi na Tony Oxley kwenye dramu, walikutana kucheza jazi ya kawaida. Wiki kwa wiki walilegeza kanuni moja, kisha nyingine, mpaka wakajikuta wanacheza bila wimbo, bila mfuatano wa sauti uliopangwa, na bila pigo la kudumu. Hakuna aliyewatuma. Hawakuwa London. Walikuwa na muda, walikuwa na masikio, na walikuwa mbali na wakubwa. Mwaka 1980 Bailey alichapisha kitabu kuhusu utungaji wa papo kwa papo, na humo aliuweka muziki wake kando ya ule wa Bara Hindi, wa flamenko ya Kihispania na wa kinanda cha kanisani, ili kuonyesha kwamba desturi hii ni ya walimwengu wote.

Je, kucheza bila kanuni ni kucheza ovyo? Hapa ndipo mwanaisimu ana la kusema. Mtu yeyote anayezungumza anatunga papo kwa papo. Sentensi unayoisoma sasa hujawahi kuisoma, nami sikuwahi kuiandika kabla ya leo, lakini umeielewa. Wilhelm von Humboldt alilitambua jambo hili katika karne ya 19, na Noam Chomsky akalifufua mwaka 1965: lugha ina vifaa vyenye kikomo na matumizi yasiyo na kikomo. Mtoto wa miaka minne wa Timboroa hutamka kila siku sentensi ambazo hakufundishwa na mtu, wala hatuwaiti majirani waje kumshangaa. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu ameimeza sarufi mpaka imekuwa damu yake. Vivyo hivyo na wale watatu. Mpiga besi asiyejua mahali ilipo kila sauti kwenye ubao wake mrefu hawezi kuitikia mvua ya mawe. Atakuwa bado anaitafuta sauti wakati mvua imekwisha. Uhuru ule ulikuwa na gharama yake, na gharama yenyewe ni miaka ya mazoezi.

Kisha kuna zamu. Mwaka 1974 wataalamu watatu, Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson, walichapisha uchunguzi mashuhuri kuhusu jinsi watu wanavyopeana zamu katika mazungumzo ya kawaida. Walionyesha kwamba aghalabu husema mmoja kwa wakati, kwamba watu wanapokezana kwa nafasi ndogo mno kati ya msemaji na msemaji, na kwamba hakuna mwenyekiti anayewaamuru. Inawezekanaje? Inawezekana kwa sababu kila msikilizaji anafanya kazi. Wakati mwenzake anasema, yeye anapima sentensi inaelekea wapi na itakoma lini, ili aingie kwa wakati wake. Anayesubiri tu zamu yake bila kusikiliza huingia vibaya: humkata mwenzake kauli, au hujibu swali ambalo halikuulizwa. Saksafoni ile iliyonyamaza wakati wa mvua ilikuwa inafanya kazi nzito kuliko ilipolia.

Na sasa tulirudie lile neno la mama muuza viazi. Alisema 'wanasikilizana'. Wanafunzi wa Kiswahili wamekaririshwa kwamba kiambishi '-an-' hujenga kauli ya kutendana: penda, pendana, saidia, saidiana, piga, pigana. Wanapata maksi zao na kufunga daftari. Laiti wangelifungua tena. Kitenzi 'sikia' ni cha sikio tu. Sauti inakujia hata kama huitaki. 'Sikiliza' ni cha nia. Mtu ameamua kutega sikio. 'Sikilizana' hakina tu maana ya watu wawili kutegeana masikio. Kina maana ya kupatana, ya kuishi kwa amani. Tukisema majirani fulani hawasikilizani, hatuna maana kwamba masikio yao ni mabovu. Tuna maana kwamba wana ugomvi. Linganisha na kitenzi 'sema'. Ukikitia kiambishi hicho hicho unapata 'semana', na kusemana ni kusutana na kusengenyana. Kwa maneno mengine, lugha yetu imekwisha kutoa hukumu yake: watu wakisema tu, kila mmoja kwa mwenzake, wanagombana, watu wakisikiliza, kila mmoja kwa mwenzake, wanapatana. Hukumu hiyo imelala ndani ya mnyambuliko wa vitenzi nasi tunaipita kila siku tukitafuta maksi mbili.

Tena kiambishi chenyewe hakina upande. '-An-' ile ile inayozaa 'pendana' ndiyo inayozaa 'chinjana' na 'fukuzana'. Sarufi inatupa nafasi ya kutendana. Tutakalotendana ni juu yetu. Timboroa, Burnt Forest na vijiji vinavyopakana navyo vinajua hili bila kufundishwa isimu. Mwaka 1992 eneo hili liliona nyumba zikiungua kwa sababu ya kabila la mwenye nyumba, na likayaona hayo tena kwa ukali mkubwa zaidi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia ambazo kote nchini ziliangamiza watu zaidi ya 1,100. Tangu hapo watu wamerudi, wamejenga, wamepanda viazi, na jioni ile ya jazi mzee wa koti la mvua na mama wa viazi, ambao lugha zao za nyumbani si moja, walikaa pamoja na kuongea Kiswahili. Silitaji jambo hili ili kudai kwamba saksafoni huponya majeraha. Nalitaja kwa sababu chuki ya miaka ile ilikuwa na lugha yake, na lugha hiyo ilikuwa kinyume kabisa cha utungaji wa papo kwa papo. Ilikuwa ya kukaririwa. Neno kama 'madoadoa', ambalo mwaka 2022 Tume ya Kitaifa ya Utangamano na Uwiano iliorodhesha miongoni mwa maneno ya chuki, halikubuniwa na kijana aliyelitamka barabarani. Alilipokea likiwa limepikwa, akaliimba pamoja na wenzake katika kiitikio kimoja. Anayeimba kiitikio hahitaji kumsikia jirani yake; anachohitaji ni kujua mahali pa kuingia.

Walimu wenzangu, hapa ndipo nawaomba mnivumilie, maana nitagusa kazi yetu. Kwa miaka mingi tumefundisha Kiswahili kwa kiitikio. Mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ulizaa aina ya insha ambayo kila msahihishaji anaifahamu: siku huanza kwa jogoo na umande, mtoto huamka kabla ya macheo, hushika hamsini zake, hutimka kama mshale, na 'hamadi' hutokea katika aya ya pili hata kama kisa ni cha arusi. Insha hizo zilipata alama nzuri. Misemo yake ni mizuri pia, kila mmoja ukiwa peke yake. Lakini mtoto aliyeiandika hakuwa akisema kitu; alikuwa akipanga vigae vilivyochomwa na mtu mwingine. Mpe mtoto huyo mada ambayo hakuikariri, mwambie aeleze jinsi mvua ya mawe ilivyoharibu shamba la nyumbani kwao juma lililopita, na utaona kalamu inasimama hewani. Ana maneno 500 ya kupendeza na hana hata moja la kumweleza mama yake hasara.

Katika muziki hali haikuwa tofauti sana. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limelea vipaji vingi na halistahili kubezwa. Hata hivyo, utaratibu wa kipande kilichoteuliwa, kinachoimbwa na shule baada ya shule mbele ya majaji wenye karatasi, humfundisha mtoto kwamba muziki ni kitu kilichokwisha kutungwa mahali pengine, na kwamba wajibu wake ni kutokosea. Babu yake mpiga chepkong asingelielewa somo hilo. Yeye alijua wimbo, na alijua pia kwamba usiku wa leo si usiku wa jana.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kuingizwa shuleni tangu mwaka 2017, unasema maneno mazuri juu ya ubunifu na mawasiliano. Maneno hayo nayo yanaweza kugeuka kiitikio tusipoangalia. Ndiyo maana napendekeza mambo matatu madogo, yasiyohitaji bajeti wala semina.

La kwanza, mwalimu aanze kila juma kwa kisa cha watatu. Wanafunzi watatu wasimame mbele. Wa kwanza aanze hadithi kwa sentensi mbili, wa pili aendelee, wa tatu naye, kisha warudi mwanzo. Kanuni ni moja: kila mmoja lazima achukue neno moja kutoka sentensi ya mwisho ya mwenzake na kulijenga. Aliyekuja na hadithi yake mfukoni atajulikana mara moja, kwa sababu neno la mwenzake halitaingia ndani yake.

La pili, tutahini kusikiliza. Tuna maksi za kusoma na za kuandika, na pengine za kuzungumza. Msikilizaji tumemwachia bahati yake. Mwanafunzi mmoja atoe hoja, na mwenzake, kabla ya kuipinga, aieleze upya kwa maneno yake mwenyewe hadi mwenye hoja akubali kwamba ndivyo alivyosema. Nimelijaribu zoezi hili katika madarasa ya chuo. Mara nyingi ubishi huisha kabla ya kuanza, kwa kuwa waliokuwa wanabishana hawakuwa wakizungumzia jambo moja.

La tatu, tukifundisha kauli ya kutendana tusiishie kwenye jedwali. Tuwaulize wanafunzi kwa nini 'kusemana' ni vita na 'kusikilizana' ni amani. Tuwaache wabishane. Waliozaliwa baada ya mwaka 2008 hawakuyaona yale yaliyotokea, lakini wanaishi katika vijiji vilevile, na siku moja mtu atakuja kuwaletea neno lililopikwa tayari ili waliimbe. Siku hiyo mwenye vigae vya kukariri tu ataitikia. Aliyezoea kusikiliza kabla ya kuingia atakuwa na fursa ya kunyamaza, na kunyamaza kwa wakati wake ni sehemu ya lugha kama ilivyo sehemu ya muziki.

Wanafunzi nao nawaambia hivi: msidanganyike kwamba uhuru wa kusema unamtoa mtu katika taabu ya kujifunza. Anayetaka kutunga papo kwa papo ajaze ghala kwanza. Someni mashairi ya kale, ulizeni wazee misemo, jueni sarufi mpaka isiwe tena kitu cha kukumbuka. Kisha, zamu yenu ikifika, msikilizeni kwanza aliyetangulia, mpime mahali anapoelekea, ndipo mfungue kinywa.